Risala ya Wakulima Thelathini na Mmoja Wenye Namba Moja ya Simu

Mgeni rasmi wetu, Afisa wa Kilimo Bi. Wanja Mugo, Chifu wetu, Mchungaji, majirani wapendwa, pamoja na nyinyi mliokuja kwa sababu mmesikia kuna pilau:

KARIBU

Sisi wanachama wa Kikundi cha Wakulima cha Tupande Pamoja, huku mashariki ya Thika, tunakushukuru kwa kufika. Tulikutarajia saa nne na sasa ni saa nane, lakini hatuna neno. Tulipata muda wa kufanya mazoezi ya kukupigia makofi.

HISTORIA

Tulianza tukiwa akina mama tisa na mzee Maluki, aliyekuja kuuliza tunacheka nini, akabaki. Leo tuko thelathini na mmoja. Kila mtu ana kashamba kake, wengi wetu ekari moja, ekari moja na nusu hivi.

Simu ya kikundi ni ya katibu wetu, Kaluki. Kwake ni mlimani, netiweki inashika, na ana sola. Ujumbe wa daktari wa ng'ombe, wa kanisa, wa watoto wetu wanaofanya kazi Ruiru, wote hupitia kwake, naye hutuita kwa kupiga kelele.

MAFANIKIO

Mwezi wa pili makarani walikuja kwa Chifu kuandikisha wakulima wadogo watakaopata mbolea ya ruzuku. Tulijitokeza wote bila kukosa hata mmoja. Hayo ni mafanikio. Tulipoulizwa namba ya simu, sote tukatoa ya Kaluki. Hayo sasa, haki, ni mambo mengine. Karani aliuliza, "Na huyu Kaluki ni nani?" Mzee Maluki akamjibu, "Ni wetu." Karani akaandika.

Wiki jana, kompyuta ilipojumlisha mashamba yote yenye namba hiyo, ujumbe ukaingia: Mkulima Kaluki, una ekari arobaini na mbili. Ruzuku ni ya wakulima wadogo. Ombi lako limekataliwa.

Woi! Tangu siku hiyo Kaluki, ambaye ndiye anayewasomea risala hii, ni tajiri. Muuza trekta amempigia mara tatu. Kanisa moja limemwomba aongoze harambee ya mabati. Mumewe Boaz, yule pale nyuma asiyecheka, ameuliza kwa upole sana zile ekari arobaini zingine amezificha wapi.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, hatumlaumu mtu, makosa ni yetu. Lakini mvua imebakisha siku chache, na tumeambiwa orodha inafungwa Ijumaa. Leo ni Jumatano.

Mwaka jana tulipanda bila mbolea. Mahindi yalitoka ya kidole gumba. Mwenzetu Kalondu ni mjane, analea wajukuu watano kwa robo tatu ya ekari. Alivuna gunia mbili, na kufikia mwezi wa kumi alikuwa akizunguka kwetu na kasufuria, akisema amekuja kusalimia. Sisi tulijua, naye alijua tunajua. Hatutaki kumwona hivyo tena, na wengine wetu hatukuwa na cha kumtilia.

MAOMBI

Tunaomba ututenganishe na Kaluki. Kila mtu sasa ana laini yake. Mzee Maluki pia anayo, ingawa akipokea simu hata mpigaji anaweza kumsikia bila simu.

Tunaomba uandikishe upya leo, hapa hapa, kwa ile tableti tuliyoiona kwenye gari lako. Chaji tunayo, na pilau haitapakuliwa mpaka umalize. Hicho si kitisho, Mheshimiwa, ni ratiba.

Wanachama, simameni na vitambulisho vyenu juu. Mgeni rasmi, ndio hawa, kila mmoja na sura yake. Kaluki atasimama wa mwisho, maana ameshaandikwa vya kutosha. Tafadhali anza na Kalondu.

Mungu akulinde barabarani, akubariki wewe na nyumba yako, na atuletee mvua tukiwa tayari.

Ni sisi, kwa heshima,
Kikundi cha Wakulima cha Tupande Pamoja