Wilhelmina Mihayo, Mama wa Hellen, Pamoja na Ajwang

Baba Padri, wazee wetu, majirani wa Buzuruga, nanyi mliovuka maji asubuhi hii kutoka Sengerema, shikamooni wakubwa, na wote poleni kwa msiba. Familia imemtuma Venant, mdogo wake marehemu, huyu anayesema nanyi, awasomee maisha ya dada yake, naye anawaomba mvumilie, kwa sababu sehemu kubwa ya maneno haya marehemu aliyapanga mwenyewe akiwa kitandani, akaagiza yasomwe mbele ya jeneza, kabla ya kikao cha ukoo, wala si baada yake.

Wilhelmina Mihayo alizaliwa tarehe 14 Agosti 1943 katika kijiji cha Katunguru, Sengerema, akiwa mtoto wa pili kati ya sita, akasoma shule ya misheni kuanzia 1952 hadi alipomaliza darasa la nane mwaka 1959, kisha akawasaidia wazazi kulima pamba mpaka 1965, alipokuja Mwanza. Mwaka 1968 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo, idara ya kufuma, akaifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita, hadi tarehe 30 Juni 1994 kiwanda kilipopunguza wafanyakazi, naye akanunua cherehani, akaanza kushona sare za shule barazani kwake, akisema haoni tofauti, ila msimamizi wa sasa ni yeye mwenyewe na hana huruma.

Tarehe 7 Oktoba 1967 alifunga ndoa na Elias Masalu, fundi wa reli, wakaishi kwa maelewano hadi Elias alipofariki Novemba 1996. Hawakujaliwa mtoto wa kuzaa, na kwa miaka mingi, alipoulizwa habari za watoto, Wilhelmina alijibu kwamba hawajambo, akiwa na maana ya watoto wa ndugu zake.

Mwaka 1990 chumba chao cha uani kilipangwa na binti wa miaka kumi na saba kutoka Shirati, jina lake Ajwang, ambaye tarehe 3 Septemba alijifungua Hellen, na mwanamume aliyemwahidi ndoa akawa hajulikani alipo. Baba yake Ajwang alituma habari kwamba atampokea binti yake peke yake, na marehemu hakupenda mtu amlaumu mzee yule, alisema kila nyumba ina mlango wake mwembamba. Aprili 1991 Ajwang alimwacha mtoto mikononi mwa Wilhelmina, akarudi kwao, mwaka uliofuata akasaini karatasi hukohuko Mara mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii, na tarehe 12 Agosti 1992 mahakama ikamfanya Hellen kuwa mtoto wa Elias na Wilhelmina.

Oktoba 1995 Ajwang alirudi Mwanza kufanya kazi katika kiwanda cha samaki kule Ilemela, akaja kupiga hodi. Wilhelmina, kwa hofu ya kunyang'anywa, alimjibu kupitia dirishani kwamba mtoto yuko Sengerema, ilhali Hellen alikuwa chini ya meza akitafuna muwa. Kwa kuwa hakuweza kuishi na uongo, kesho yake aliamua kuufanya uwe kweli, akampandisha mtoto kivuko cha Kamanga, akampeleka kwa Venant, ambaye hakumkanya, bali alimpongeza. Walikaa huko wiki tatu, na siku ya kurudi, ambayo ilikuwa Jumapili, waliposhuka upande wa Mwanza walimkuta Ajwang amesimama gatini, kama alivyosimama Jumapili mbili zilizotangulia, maana hakuwa na siku nyingine ya mapumziko. Alisema, "Shikamoo mama. Nilisaini, sikuja kumchukua. Nilimwacha anatambaa, nataka tu nimwone akitembea."

Marehemu aliachia mkono wa mtoto. Hellen, asiyejua lolote, akakimbia mbele kufukuza bata wa watu, wanawake wawili wakamtazama hadi alipojikwaa, wote wakasema "pole!" kwa pamoja, ndipo Wilhelmina akamwambia mwenzake, "Haya, shika huu mkungu wa ndizi, twende nyumbani, usisimame kama mgeni."

Tangu hapo Ajwang alikuja kila Jumapili, akiwa ameoga kwa ndimu ili asimletee mtoto harufu ya samaki, na jirani yetu Dorotea, ambaye yupo hapa na atatusamehe, alizoea kuita "Mama Hellen!" na wakiitika wote wawili huuliza, "Nimemwita wa cherehani, wa mabuti ya kiwandani umeitikia nini?" Desemba 1998 walimketisha mtoto wamweleze ukweli, wakiwa wamejiandaa kwa machozi, naye akasema, "Najua. Darasa letu lote linajua," akaomba ruhusa akacheze.

Kisukari kilichomwanza mwaka 1996 kilifika kwenye figo mwanzoni mwa mwaka huu. Samaki wetu walipofungiwa soko la Ulaya mwezi Aprili, Ajwang alisimamishwa kazi pamoja na wenzake, akahamia Buzuruga kumuuguza. Lakini dada alikuwa na mzigo mmoja, alijua kwamba baada ya matanga ukoo hugawana yatima, na kwamba Venant alikwisha kusema mtoto atakwenda Sengerema. Tarehe 20 Juni alimwita, akamwambia, "Ulinisaidia kumficha, sasa nisaidie kumrudisha. Andika, na usome kwa sauti, ukiweka mfukoni nakujua utasahau."

Basi yanasomwa: Hellen atabaki katika nyumba ya Buzuruga, alelewe na Ajwang, mama yake. Wazee wa pande zote waliulizwa jana, wakaridhia, hivyo kikao cha leo hakina ajenda ya mtoto. Siku ile maneno haya yalipoandikwa, marehemu aliomba uji, akamaliza bakuli, akalala mpaka alasiri, jambo ambalo hakuliweza tangu Pasaka.

Alifariki Jumatano, tarehe 7 Julai 1999, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Ajwang.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali, majirani, jumuiya, wafumaji wenzake wa zamani, na wafanyakazi wa samaki waliochota maji ya msiba huu.

Dada, yamesomwa kama ulivyoagiza. Wakati wa kuweka udongo Hellen atatangulia, ameshikwa mkono na mama yake. Pumzika, Wilhelmina, amani iwe nawe.