Gauni Lililopotea Njiani

Muuguzi aliyetoka zamu alikaa basini nyuma ya fundi cherehani na mzee mmoja, akafumba macho ili asikie vizuri.

"Kifurushi cha gauni kimepotea, na bi harusi anaolewa leo," fundi alimweleza mzee aliyekaa naye. "Nimemshonea gauni jingine, nalipeleka mwenyewe."

"Wasafirishaji waliokipoteza ndio wahangaike, mwanangu. Wewe uliuza mtandaoni, ukatuma, basi. Unajitwisha mzigo usio wako."

"Mteja hawajui hao, baba. Ananijua mimi."

"Kwa hiyo kila kikipotea utapanda basi?"

"Nitapanda."

"Utazeekea njiani," alisema mzee, kwa sauti ambayo muuguzi aliisikia haina dalili ya kukubali kushindwa.

Basi likasimama. Fundi alishuka na gauni begani. Mzee akamfuata, bado anabisha, huku amelishika pindo lisiguse matope.