Ametulia

Ghorofa ya juu ya basi, mjini Hull, nesi Glenys alikuwa akienda zamu, koti limefunika sare. Mbele yake msichana wa shule alikuwa akijisomea kwa sauti istilahi za fasihi kwa ajili ya mtihani. Mzee wa kiti cha upande wa pili akamgeukia msichana.

"Hiyo tasfida ndiyo nini, mwanangu?"

"Kusema jambo baya kwa maneno laini, babu. Ni adabu tu."

"Adabu? Juzijuzi nilipiga simu wodini kumuulizia mke wangu. Wakasema, 'Ametulia.' Mimi, mjinga wa watu, nikafurahi, nikamlisha mbwa, nikajilalia. Kumbe ndiyo wananiambia anakufa! Akafa peke yake."

"Pole, babu. Labda hawakutaka kukuumiza."

"Uongo huo!"

"Si uongo. Tumefundishwa ni tasfida."

"Basi mmefundishwa uongo."

Abiria wote wakageukia madirishani, kama ilivyo desturi ya kwao mtu anapotaja kifo.

Basi likasimama hospitalini. Glenys akashuka. Wodini alimwacha jana bibi mmoja asiyetarajiwa kuiona jioni ya leo, na mwanawe hupiga simu kila asubuhi kumuulizia.