Marehemu Ezra Khamala na Raba Aliyoitandika Kwenye Boti

Bwana asifiwe. Wachungaji, wazee wa ukoo, majirani wa Kianda na Makina kule Kibera, wenzetu wa Kawangware mliokanyaga matope tangu asubuhi, na nyinyi nyote mliosimama hapa Lang'ata chini ya miavuli, nawasalimu kwa jina la Yesu, na majirani zetu Waislamu nawasalimu kwa amani. Mimi ni Walubengo, mdogo wake marehemu, nimepewa na familia kazi ya kusoma maisha yake, na kwa kuwa masomo yangu ni haba na mwandiko wangu unanishinda hata mimi mwenyewe, nikikwama mtanivumilia.

Kabla sijaanza, mnaona pale ukingoni mwa kaburi kumetandikwa kipande cha raba nyeusi chenye mistari, wengi mmeniuliza ni cha nini, na wazee wawili wa ukoo wamesema kiondolewe, kwa sababu wamesikia kimewekwa ili mama mkwe wa marehemu apite hapo, na kwetu mama mkwe hasogelei kaburi la mume wa binti yake. Nimewaomba wazee wangoje nisome mpaka mwisho, kisha wakisema kiondolewe nitakiondoa mimi mwenyewe.

Ezra Khamala Wanzala alizaliwa tarehe 14 Aprili 1951 huko Kawangware, akiwa kifungua mimba wa marehemu mzee Wanzala, aliyetunza bustani za watu upande wa Lavington, na marehemu mama Zipora, tukazaliwa watoto wanne, tukabaki wawili, na leo nimebaki mmoja. Alianza shule ya msingi ya kanisa mwaka 1959, akafika darasa la saba mwaka 1965, na hapo akaishia, kwa sababu baba aliugua na ilibidi mkubwa akae nyumbani, jambo ambalo hakuwahi kulilalamikia hata siku moja, na mimi niliyeendelea kidogo zaidi yake sikuwahi kumshukuru alipokuwa anasikia, Mungu anisamehe.

Mwaka 1967 alipokelewa na mzee Kiragu, fundi wa viatu katika soko la Kawangware, ambaye somo lake la kwanza lilikuwa kwamba kiatu kina mbele na nyuma, na mistari ya soli lazima ikate njia ya mguu, maana ikifuatana na mguu mwenye kiatu atateleza, na Ezra aliyarudia maneno hayo mpaka watoto wake wakawa wanamalizia sentensi kabla yake. Machi 1978 alihamia Kianda, akafungua kibanda chake karibu na mtaa wa Olympic, na hapo ndipo wengi wenu mlimjua, kichwa kimeinama, misumari mdomoni, anaitikia salamu kwa nyusi.

Alifunga ndoa takatifu na Annet tarehe 18 Desemba 1976, Mungu akawajalia Valary mwaka 1977 na Wanzala mdogo mwaka 1980, na kwa ndoa hiyo akapata mama mkwe, Mama Sella Kavetsa wa Kawangware, ambaye yuko hapa. Kwa wale wasio wa kwetu nieleze kidogo, kwamba mkwe na mama mkwe huheshimiana kwa kukaa mbali, hawapeani mkono, hawagusani, wakikutana njiani mmoja hupisha, na Ezra aliishika heshima hiyo kuliko mtu yeyote ninayemjua, hata Mama Sella akija Kianda kuona wajukuu yeye alitokea mlango wa nyuma akakaa kwa jirani mpaka mama aondoke.

Sasa nifike kwa boti. Mwanzoni mwa mwaka 1994 mtu mmoja wa mtaa wa Nyayo Highrise aliyekuwa anahama aliliachia kanisa letu la Siloamu boti ndogo ya kujazwa upepo, imetoboka mahali pawili, Ezra akaiziba kwa viraka kama tyubu ya baiskeli, na Mchungaji Nzomo akafurahi sana, kwa sababu tulikuwa tunabatiza kwenye bwawa la Nairobi, na upande wetu wa Kibera palikuwa pamejaa matope na majani, maji safi yalikuwa ng'ambo, na wazee wasingeweza kuzunguka. Ezra akapewa kazi ya kupiga kasia. Lakini sakafu ya boti hiyo ilikuwa nyororo kama ngozi ya samaki, ikilowa mtu hasimami, na isitoshe sisi wa Siloamu huvua viatu mahali palipoombewa, na boti ilikuwa imeombewa.

Mwaka huo huo Mama Sella, aliyekuwa ameumia nyonga na kutembelea fimbo, akasema ameokoka na anataka kubatizwa, sio kunyunyiziwa, bali kuzamishwa. Hapo Ezra alikosa usingizi. Mpiga kasia ni yeye, boti ni ya watu watatu, na mama akiteleza, je, amwache aanguke majini, au amshike mama mkwe wake mbele ya kanisa zima? Nilimwambia ampe mtu mwingine kasia, akaniuliza, "Nani? Wewe?" nami mnajua naogopa maji hata ya karai.

Basi akaamua dawa ni sakafu. Akaenda Makina kwa rafiki yake Abdelrahim, muuza mazulia, ambaye naye yuko hapa, na mambo waliyosemezana huko Abdelrahim amenisimulia juzi kwenye matanga huku akilia na kucheka. Alimtolea kwanza kapeti ya plastiki ya maua maua, Ezra akaimwagia maji, akapanda juu, miguu ikaenda zake, Abdelrahim akasema, "Fundi, hapo mama mkwe atafika ng'ambo kabla ya boti." Akamtolea zulia la manyoya, hilo lilishika mguu vizuri, lakini Ezra akalitia kwenye ndoo, akaliinua kwa mikono miwili, akasema, "Hii inakunywa maji kama ng'ombe, tutazama nayo, na ikikaa wiki moja itanuka kuliko mtaro." Zeinabu, mkewe Abdelrahim, akaleta mkeka, Ezra akaupenda, ila akaona mchanga utapenya kwenye mianya yake na kukaa chini, na kila mtu akikanyaga ule mchanga utaisaga ngozi ya boti kama msasa. Akafikiria tairi kuukuu, tena tairi alikuwa nalo, akalikata, akakuta nyaya zimechungulia pembeni, akalitupa, maana waya mmoja tu na boti yote ni pumzi iliyopotea. Zeinabu akamwuliza, "Kwani Baba Valary, wewe unatafuta zulia ama bibi wa pili?"

Mwisho akarudi kwa kitu alichokijua, raba ya soli, ile inayokuja ikiwa shuka nzima yenye mistari iliyoinuka, haina waya, hainywi maji, ni laini kwa mguu mtupu, na inainuliwa kirahisi ili chini yake paoshwe mchanga. Akaikata kwa umbo la boti, akaipindua kingo zisikwaruze, bila gundi, kwa sababu alijaribu gundi ya viatu kwenye kipande kilichobaki cha kiraka na kikajikunja, akaitandika ikakaa kama imezaliwa nayo. Akaijaza boti upepo mbele ya kibanda, akamwaga maji, akavua viatu, akatembea toka nyuma hadi mbele, nyuma hadi mbele, raba ikamshika, watu wa Kianda wakasimama kumtazama mtu mzima anatembea kwenye boti katikati ya barabara, mmoja akapiga kelele, "Fundi, niaje, Kisumu umefika?" naye akainua mkono tu, uso umefurahi.

Jumapili tarehe 28 Agosti 1994 kanisa likashuka bwawani likiimba. Mama Sella alivaa kanzu nyeupe, akavua viatu, Annet akamshika mkono mpaka gatini, ambapo boti ilikuwa imeegeshwa kwa ubavu. Mama akatia mguu wa kwanza, akatia wa pili, na ule wa pili ukaenda. Raba ile ile. Ezra aliachilia kasia, akamdaka mama mkwe wake kiunoni kwa mikono yote miwili, wakakaa chini pamoja kwa kishindo, na wimbo ukakatika kama mtu ameuzima.

Mama hakuumia. Lakini ndugu zake wa Kawangware walimtoa pale, wakamfunika shuka kama mtu aliyefiwa, wakaondoka naye bila kubatizwa, na neno likaja baada yake kwamba hatakanyaga tena nyumba ya Annet mpaka jambo litakaswe kwa desturi, na Mchungaji Nzomo akasema kanisa halitakasi kitu ambacho si dhambi, kila upande ukasimama hapo hapo. Aliyeumia ni Annet, kati ya mama yake na mume wake, na aliyeumia zaidi ni mama mwenyewe, kwa kuwa ubatizo wake ulibaki kando ya maji. Ezra alikunja ile raba, akaisimamisha kwenye kona ya kibanda. Mimi pia nilikuwa miongoni mwa waliomwambia angemwacha tu aanguke, maji hayakuwa marefu, nasema hivyo mbele yenu na naona aibu.

Ikapita Septemba, Oktoba na Novemba. Mapema Desemba Mama Sella alitoka Kawangware peke yake na fimbo yake, akafika kibandani, na kwa kuwa kibanda hakina mlango wa nyuma Ezra alikosa pa kukimbilia, akageuza uso ukutani. Mama akabaki nje kwa heshima, akasema maneno ambayo Ezra aliyarudia kwangu mara nyingi, nami nayaandika kama alivyoyasema. "Baba Valary, sikuja kugombana. Nimekuwa nikifikiria mguu wangu. Wewe ulitengeneza kiatu. Kiatu mtu anaingilia nyuma anaangalia mbele. Boti nimeingilia kwa ubavu. Mistari yako na mguu wangu vilikuwa vinaenda safari moja."

Ezra akageuka. Miaka ishirini na saba ya ufundi, na maneno ya mzee Kiragu mdomoni kila siku, na alikuwa ameikata raba ya boti kama soli ya kiatu kimoja kikubwa, kidole kikitazama mbele, akaipima kwa kutembea toka nyuma hadi mbele, ilhali hakuna mtu anayeingia kwenye boti kwa nyuma. Alicheka mpaka misumari ikamtoka mdomoni, na Annet anasema ndicho kicheko cha kwanza tangu Agosti. Akatafuta raba nyingine, kwenye nafasi ya kuingilia akageuza mistari ifuate urefu wa boti ili ikate njia ya mguu unaotoka ubavuni, na katikati ambapo watu husogea mbele na nyuma akaiacha ilivyokuwa, akaipima safari hii kwa kuingia na kutoka ubavuni mpaka magoti yakauma.

Jumapili tarehe 11 Desemba 1994 Mama Sella alirudi bwawani, ndugu zake wakasimama juu kabisa kwenye nyasi ili wasione vizuri. Akavua viatu, akampa Annet fimbo, akatia mguu wa kwanza, akatia wa pili, akasimama ndani ya boti wima bila kushikwa na mtu. Ezra alikuwa ameangalia pembeni, kasia mkononi. Ndipo mama akamnyooshea mkono, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye nyasi, "Siku ile ulinishika kwa sababu nimeteleza. Leo sijateleza. Nishike." Ezra akamshika mkono, akamkalisha, akampeleka ng'ambo, mama akazamishwa kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, akarudi anatweta na kuimba, na sikumbuki mtu aliyetaja kutakaswa baada ya hapo.

Mwaka 1995 marehemu aligunduliwa kuwa na ugonjwa wa sukari, mwaka jana akapata kidonda mguuni ambacho hakikupona, na tarehe 6 Oktoba mwaka huu, mvua hizi zikikaribia kuanza, alilazwa hospitalini. Mama Sella alikuwa akija na Annet saa ya kutazama wagonjwa, anakaa upande wa miguu, anashika ule mguu usio na kidonda, anaomba, na Ezra aliniambia, "Kama singekosea ile raba, huyu mama angekuwa ananiombea akiwa kule nje." Alilala katika Bwana Alhamisi tarehe 20 Novemba 1997, asubuhi, akiwa na miaka arobaini na sita, ameacha mjane Annet, watoto wawili, mimi ndugu yake, na mama mkwe.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani wa Kianda mliopika na kuteka maji, mafundi wenzake mliofunga vibanda leo, Abdelrahim na Zeinabu kwa turubai na chai, wazee wa Kawangware, Mchungaji Nzomo, na kanisa la Siloamu lililoitoa raba ile kwenye boti na kuileta hapa.

Wazee wangu, nimemaliza. Udongo wa hapa umelowa, ukingo unateleza, na mama ana nyonga mbaya. Raba nimeitandika mwenyewe, mistari inakata njia atakayokuja nayo, nimeipima leo asubuhi nikiwa miguu mitupu. Hakutakuwa na wa kumshika safari hii, aliyekuwa anamshika tunamzika. Namwona mzee Murunga, mmoja wa wale wawili waliosema kiondolewe, ameniitikia kwa kichwa. Asante mzee.

Mama Sella, vua viatu, njoo umtilie mchanga mwanao.

Na wewe Ezra, kaka yangu, kazi yako imeshika. Pumzika kwa amani.