Kulanti ya Gari Kwenye Mtambo wa Maziwa

Pembeni mwa duka la rangi kuna benchi la mbao, na asubuhi hiyo walilikalia watatu: Profesa, kinyozi asiye na wateja; Redio, fundi viatu asiyejua kunyamaza; na Baridi, fundi wa mitambo ya kupoza, aliyeacha kazi jana yake kwenye kiwanda cha maziwa kwa hasira. Kahawa ilikuwa ya moto, ulimi wa Baridi ukawa wa moto zaidi.

— Bosi gani yule? Mtambo una dawa yake ya kuzuia maji yasigande, ile isiyomdhuru mtu. Yeye kaenda kwa wauza vipuri, kaleta kulanti ya gari, ile ya kutia kwenye rejeta! Ya kijani!

— Labda anataka kiwanda kipige honi, akasema Redio.

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Nikamwambia, bosi, hiyo ni sumu, tena tamu, mtu anaimeza bila kujua. Akanijibu, "Fundi, usijifanye daktari." Nikamtupia funguo zake.

— Ulifanya la maana, akasema Profesa. Mtu mkanda wa suruali unamshinda, ataweza mtambo?

— Na bado! Tangi la hiyo kulanti linapungua. Kila asubuhi wanaongeza ndoo nzima, na sakafu kavu, hata tone hulioni.

— Walinzi hao, akasema Redio. Si umesema ni tamu?

— Wapi! Kisayansi, baridi ikizidi inakula maji, akasema Profesa. Friji ya shemeji yangu ilimaliza jagi zima, na mlango umefungwa.

— Basi bosi anaichota, akasema Redio, anatia kwenye kile kikopo chake anachokiita gari.

Baridi alicheka hadi akafuta machozi. Tangu jana alijiona mdogo. Sasa kila kejeli ilimrudishia kimo chake.

Mama mmoja, mtoto kiunoni, alikuwa amesimama akisubiri kiatu chake kishonwe.

— Samahani, kaka zangu. Hayo maji ya kijani na maziwa vinakutana wapi?

— Havikutani, dada, akasema Baridi. Vinapita kwenye mabamba. Huku maziwa, huku maji, katikati bati jembamba.

— Na bati likitoboka?

Redio aliacha sindano ndani ya soli. Profesa alikitazama kikombe chake. Baridi aliweka kikombe chini. Mabamba yale aliyajua, yalikuwa yamechakaa. Usiku kucha alikuwa amepanga matusi ya kumrudishia bosi. Tangi linalopungua sakafu ikiwa kavu hakulifikiria hata kidogo.

Aliinuka, akakimbia na ndala zake mpaka kwenye geti la kiwanda. Lori la maziwa lilikuwa linanguruma, pua nje. Akasimama mbele yake, mikono ameitanua. Bosi akatoka mbio.

— Wewe si uliacha kazi?

— Niliacha. Maziwa hayaondoki mpaka yapimwe.

— Ondoka hapo!

— Kunywa kikombe kimoja cha hayo maziwa, bosi, nitaondoka.

Bosi alilitazama lori, akamtazama Baridi. Dereva, ambaye hakuambiwa kitu na mtu, alizima injini.