Sakafu ya Alma na Mkono wa Neville Ogden

Ijumaa tarehe 30 Septemba 2016, Bwana Neville Ogden anastaafu kazi ya kutunza ukumbi wetu wa Alma, mjini Brackenshaw, baada ya miaka arobaini na mmoja na miezi sita. Katika muda huo wote hakuna aliyemwona akimaliza kikombe cha chai akiwa ameketi. Huinywa akitembea.

Aliajiriwa Machi 1975, kiwanda cha pamba kilipofungwa, akiwa na miaka ishirini na minne. Wiki hiyohiyo zilianza dansi za Jumapili mchana. Vijana wa viwandani walikuja kwa mabasi, wengine kutoka mji wa mbali wa Stoke, kila mmoja na begi lenye taulo, fulana ya kubadilisha na kopo la poda ya kunyunyiza sakafuni ili viatu viteleze. Pombe haikuuzwa na hakuna aliyeiulizia. Walicheza nyimbo za soul za Wamarekani weusi ambazo kwao hazikununuliwa, na kadiri santuri ilivyokuwa haijulikani ndivyo ilivyopendwa. Ma-DJ walibandika karatasi nyeupe juu ya jina la mwimbaji ili ma-DJ wenzao wasiitambue santuri hiyo. Redio haikuzipiga. Habari zilipita mdomo kwa mdomo.

Bwana Ogden alijua kufagia, hakujua dansi. Jumapili yake ya tatu, kwa nia njema kabisa, aliipaka sakafu nta mpaka ikang'aa. Wimbo wa kwanza haujaisha, watu kumi na wawili walikuwa chini, na Glenda Tattersall, msichana wa miaka kumi na minane, amevunjika kifundo cha mkono.

"Kaka, umetutengenezea barafu," alimwambia wakisubiri gari la wagonjwa.

Jumapili iliyofuata hakuja mtu. Bwana Ogden alipiga magoti siku tisa akiikwangua nta kwa waya wa kusugulia, kisha akapanda basi hadi mji wa Bolton kuwaambia wachezaji wa huko, mmoja mmoja, kwamba sakafu imepona.

Tangu hapo hufagia kavu, akifuata mishipa ya mbao, na hukagua kwa kutembea na soksi tu. Dansi zilipokufa mwaka 1981, ukumbi ulibaki wa harusi na ndondi, lakini yeye aliendelea kukagua kila Jumapili. Wachezaji waliporudi miaka minane baadaye, wengine tayari wakiwa na vipara, walianza kucheza bila kuuliza chochote.

Mwaka huu kamati ya ukumbi iliamua kwamba asipopatikana mtu wa kuitunza sakafu kwa mkono kabla Bwana Ogden hajaondoka, itafunikwa zulia. Huo ungekuwa mwisho wa dansi, maana hakuna mguu unaozunguka juu ya zulia. Kuanzia Februari hakutulia. Alijaribu watu wanne. Mmoja alileta mashine. Mwingine alidumu hadi saa nne asubuhi. Bwana Ogden akawa anakuja ofisi ya tiketi kuhesabu wiki kwenye kalenda, anaondoka, kisha anarudi kuzihesabu tena kana kwamba zitaongezeka.

Julai alikuja Imran Chaudhry, fundi mazulia wa Mtaa wa Canal, kupima ukumbi.

"Vua viatu kwanza," Bwana Ogden alimwambia.

"Mzee, nimekuja kupima, sikuja kuswali."

"Basi pima kwa miguu."

Imran alitembea kwa soksi hadi karibu na jukwaa, akasimama, akarudi hatua mbili. Alisema kuna ubao umelegea hapo. Bwana Ogden alikuwa ameutafuta ubao huo tangu Krismasi. Siku ile futi ya kupimia haikutoka mfukoni.

Imran alikubali kujifunza kuitunza sakafu. Walifanya kazi pamoja Jumamosi tisa, na hawakupendana mara moja.

"Unafagia kama unafukuza kuku."

"Na wewe unasimamia kama mama mkwe."

Jumapili tarehe 18 Septemba kamati ilimwomba Bi Glenda, ambaye sasa ana miaka hamsini na tisa, aijaribu sakafu. Bwana Ogden alikuwa nje kwenye mvua, akilizunguka jengo. Bi Glenda alinyunyiza poda kidogo, akateleza, akazunguka mara tatu, akajitupa nyuma hadi kiganja kikagusa mbao, akainuka.

"Neville huyo," alisema. "Mkono wake naujua."

Mwenyekiti alimweleza kwamba Neville hajashika ufagio tangu Ijumaa. Aliyefagia ni Imran.

Zulia haliji Alma. Imran anaanza kazi Jumatatu tarehe 3 Oktoba, na tayari ameifuta oda yake mwenyewe ya zulia.

Bwana Ogden, wafanyakazi na wachezaji wote wa Alma tunakushukuru. Tunakuombea afya, miguu isiyouma na Jumapili zilizo zako. Jumapili ijayo njoo kama mgeni, uingie kwa mlango wa mbele, na usiiname kutazama chochote.

Kerry-Ann Duxbury
Ofisi ya Tiketi