Shangazi wa Magurudumu Aweka Spana Chini

Baada ya miaka thelathini na mitatu na miezi minne ya kazi, fundi wetu mkuu wa magurudumu anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 27 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili ofisini, lakini humu karakanani hakuna anayelitumia. Tunamwita Shangazi. Lawama zimwendee mpwa wake, ambaye alikuwa ameshaajiriwa hapa kupaka rangi fremu za baiskeli. Siku ya kwanza alipomwona anaingia getini alipaza sauti, "Shangazi, karibu!" Kabla ya saa saba mchana karakana nzima ilikuwa imepata shangazi, na leo hata wateja waliomzidi umri wanamwita hivyo hivyo.

Aliajiriwa kukaa mapokezi. Fundi wa magurudumu wa wakati ule aliomba ruhusa ya wiki mbili akaanzishe ufugaji wa kuku, na hadi tunapochapisha jarida hili hajarudi. Baiskeli zikarundikana ukutani. Shangazi akachukua gurudumu moja lililopinda, akalifungua spoki zote thelathini na mbili, akalifunga upya. Lilipozungushwa liliyumba kama mlevi, akalifungua tena. Alirudia mara tisa, na mara ya tisa likanyooka. Meza ya mapokezi hakuirudia.

Anayemwona kazini kwa mara ya kwanza hudhani anapiga ala ya muziki. Anagonga spoki moja moja kwa ukucha na kutega sikio, maana iliyolegea hutoa sauti nzito na iliyokazwa kupita kiasi hulia kama mbu. Ndiyo sababu chumba chake hakijawahi kuwa na redio. Wapenzi wa mpira wamelalamika miaka nenda miaka rudi, bila mafanikio.

Lakini wengi mnamjua Shangazi kwa sababu ya klabu yetu ya mbio za baiskeli za milimani, zile za saa nane mfululizo ambazo mshindi ni yule aliyezunguka njia mara nyingi zaidi. Humo ndimo alimofanya kosa lake kubwa, na ndimo alimotuonyesha yeye ni mtu wa namna gani. Ameniruhusu niliandike. Kwa kweli aliniambia, "Usipoliandika hilo, hayo mengine usiyaandike."

Miaka kumi na moja iliyopita magurudumu makubwa ya inchi ishirini na tisa yalikuwa yameanza kuzoeleka. Shangazi hakutaka kuyasikia. Maisha yake yote alikuwa amefunga inchi ishirini na sita, mepesi na magumu, na haya mapya aliyaita ya mkokoteni. Mwendeshaji wetu bora wakati huo alikuwa Muuguzi, dada mfupi anayemfikia Shangazi begani. Alikuwa akifanya mazoezi kabla ya kuingia zamu wodini. Alimwamini Shangazi kama mama yake, kwa hiyo alikwenda kwenye mbio za mchujo na magurudumu ya ishirini na sita. Watatu wa kwanza ndio wangechaguliwa kwenda mashindano ya taifa.

Muuguzi alikuwa wa nne. Njia ilikuwa na mawe karibu robo ya mzunguko. Wenzake wenye magurudumu makubwa waliteleza juu ya mawe hayo, yeye gurudumu dogo likawa linadumbukia katika kila pengo. Saa ya saba malengelenge ya viganja vyake yalikuwa yamepasuka. Hakumlaumu mtu. Alishuka, akaomba maji, akaomba radhi.

Jumatatu yake Shangazi alisimama mbele ya klabu nzima. Nilikuwapo, nikiwa mtunza stoo, na nakumbuka hakukaa hata alipopewa kiti. "Huyu mtoto hana cha kuomba radhi," alisema. "Nilimpa gurudumu ninalolipenda mimi, si linalomfaa yeye. Kosa ni langu." Kwa mtu ambaye neno lake humu lilikuwa sheria kwa miaka ishirini na mbili, halikuwa jambo dogo.

Majuto yake hayakuishia kwenye maneno. Alifunga jozi tatu za magurudumu: ishirini na sita, ishirini na tisa, na ile ya katikati ya inchi ishirini na saba na nusu, ambayo hapa kwetu hakuna aliyeijali. Akaazima fremu za kila saizi. Jumapili saba mfululizo alikwenda kwenye njia ya mazoezi na Muuguzi, saa mkononi na daftari mfukoni. Na kwa kuwa hakutaka kuhukumu kitu asichokijaribu, alipanda mwenyewe, akiwa na miaka arobaini na tisa. Jumapili ya tatu alitumbukia mtaroni na kurudi kazini kafungwa bendeji kifundo cha mkono. Mpwa wake alipotaka kumpa pole, alijibiwa, "Nipe kwanza spana."

Daftari lilionyesha kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Magurudumu makubwa yalikuwa na kasi zaidi kwenye mawe na kwenye njia iliyonyooka, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kwa mtu wa kimo cha Muuguzi usukani ulipanda juu mno, tairi la mbele likamgusa ncha ya kiatu kwenye kona kali, na kwenye mteremko, alipojivuta nyuma, tairi la nyuma lilimkwaruza makalio. Kila mara ilibidi apunguze mwendo na kujipanga upya. Saa ya nne alikuwa hoi. Kwa ile saizi ya katikati alichelewa sekunde tisa kwa mzunguko mwanzoni, ila kuanzia saa ya nne aliokoa karibu nusu dakika kila mzunguko, kwa sababu mwili ulikuwa bado unamtii.

Kocha wa klabu hakukubali. "Shangazi, washindi wote wa mwaka jana walipanda ishirini na tisa."

"Washindi wote wa mwaka jana walikuwa na miguu mirefu," Shangazi akamjibu.

Walibishana hadi chai ikapoa. Mwishowe Shangazi alilifungua daftari mezani, akalisukuma mbele ya Muuguzi. "Safari iliyopita nilikuchagulia. Leo soma mwenyewe, mwanangu." Muuguzi alisoma kurasa zote, akaomba kalamu, akazungushia duara ishirini na saba na nusu.

Mbio za mchujo za mwaka uliofuata zilituumiza roho. Saa ya pili Muuguzi alikuwa wa saba. Kocha alihamia upande wa pili wa njia ili asisimame karibu na Shangazi. Saa ya nne bado alikuwa wa sita. Shangazi alikuwa akifungua na kufunga kizibo cha chupa ya maji. Kisha wa mbele wakaanza kuchoka. Mmoja alishuka kwenye mawe akawa anasukuma baiskeli. Mwingine aliikosa kona. Muuguzi alikuwa anapita mbele yetu kwa mwendo ule ule, dakika zile zile, kama mtu anayekwenda zamu. Kengele ya mwisho ilimkuta nafasi ya pili.

Aliposhuka, msuli wa mguu ulimkaza, akaketi palepale chini akicheka na kulia kwa pamoja. Kocha alivuka njia, akavua kofia mbele ya Shangazi, akasema, "Nifundishe kupima."

Ndipo ilipozaliwa fomu ambayo kila mwendeshaji wetu huijaza hadi leo kabla hatujagusa hata spoki moja. Inauliza kimo, urefu wa mguu, saa za mbio na kiungo kinachotangulia kuchoka. Swali la mwisho Shangazi aliliandika kwa mkono wake: "Ni wapi njiani unapoogopa?" Kocha aliwahi kutaka kulifuta. Siku hizi ndilo analolisoma kwanza. Kwa fomu hiyo warefu wetu wengi wanapanda ishirini na tisa, na wanashinda. Shangazi huwafungia bila kinyongo, ingawa akisahau bado yanamtoka yale ya mkokoteni.

Ametuachia mafundi sita aliowafundisha, wanne kati yao wanawake, na chumba kisicho na redio. Muuguzi, ambaye sasa ni kiongozi wa wodi, amebadilishana zamu ili awepo Ijumaa.

Tulimuuliza Shangazi atafanya nini baada ya hapo. Tulitegemea kusikia habari za wajukuu na bustani. Akatoa karatasi mkobani: amejiandikisha katika mbio za saa tatu za mwezi Septemba, mbio zake za kwanza, akiwa na miaka sitini. Amechagua saizi gani? Hasemi. "Hiyo ni siri ya mshindani," alijibu, akarudisha karatasi mkobani.

Shangazi, asante kwa kila gurudumu lililonyooka, na zaidi kwa ile Jumatatu uliyokataa kukaa. Afya isikutupe, na siku zako zilizobaki ziwe nyingi na zenye furaha. Septemba tutapanga mstari pembeni mwa njia, karakana nzima, na atakayechoka kushangilia kabla yako atafagia chumba cha magurudumu mwezi mzima.